Mkalimani Anaomba Kusahihisha

Nimesoma katika shule saba na sikumaliza hata moja. Mbili zilinifukuza, moja iliungua (sikuwepo siku hiyo, na ninao mashahidi), na nne nilizitoroka mwenyewe kwa miguu yangu hii hii. Lakini lugha ninazo sita na nusu. Nilizichuma njiani: moja kwenye machimbo, moja kwenye jiko la meli ya mizigo, moja mahabusu, ambako nilikaa siku kumi na moja tu ila wenzangu walikuwa waongeaji. Ile nusu ndiyo niliyofundishwa shuleni.

Lugha ya watu wa bondeni, ambayo ndiyo yenye kisa hiki, nilifundishwa na mwanamke niliyekaribia kumuoa. Wiki tatu kabla ya arusi akili zilimrudia. Kwa hiyo naijua zaidi upande wa kugombezwa. Mtu wa bondeni akinisikia nikiongea, kwanza hunyoosha mgongo, halafu huangalia kama miguu yake ina matope.

Kwa miaka minne nilikuwa nakaa kwenye benchi lililo nje ya mlango namba sita, katika hospitali kubwa ya mji huu. Nilifika pale na jipu langu shingoni. Ndani nikasikia daktari na mzee mmoja wa bondeni wakipigiana kelele, kila mmoja akidhani mwenzake ni kiziwi. Nikaingia bila kubisha, nikawapatanisha. Jipu likapasuka lenyewe nikiwa kazini. Tangu siku hiyo, akija mtu wa bondeni, muuguzi anatoa kichwa mlangoni na kuita, "Mzee, njoo utuambie." Nimetembea nchi nyingi, ndugu zangu, na hilo benchi ndilo mahali pa kwanza ambapo mtu aliwahi kuniuliza, "Kesho utakuja saa ngapi?"

Basi akaja muuguzi mkuu mpya, mwanamama anayetembea kama anayekwenda kuzima moto. Akabandika tangazo: kuanzia mwezi wa saba, asiye na cheti cha ukalimani hataruhusiwa kuingia chumba cha daktari. Nikamfuata ofisini.

"Mama, mimi ninao uzoefu."

"Nimesikia. Nimesikia pia kwamba mwezi uliopita mgonjwa aliulizwa anavuta sigara ngapi kwa siku, ukajibu wewe."

"Nilikuwa namjua."

"Ndiyo maana nataka cheti, mzee wangu."

Nyumbani naishi na mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu, karani katika ofisi ya ardhi. Nilipomsomea lile tangazo hakucheka, nikajua mambo ni mazito.

"Mjomba, usipokipata hicho cheti utaondoka tena. Nakujua. Utasema unakwenda dukani kununua sabuni, tutapata salamu zako baada ya miaka sita."

"Ilikuwa miaka mitano."

"Na sabuni hukuleta."

Mtu akikujua hivyo, dawa ni kwenda darasani.

Kozi ilikuwa Jumamosi kumi, katika chumba cha ghorofani juu ya duka la magodoro. Tulikuwa wanafunzi tisa, na wenzangu wote ningeweza kuwa babu yao, isipokuwa yule aliyekaa pembeni yangu, afisa forodha mstaafu tuliyembandika jina la Kamusi. Ukimsalimia hujambo, anataka kwanza kujua umelitumia kwa maana ipi. Mwalimu alikuwa mwanamke mfupi, mkalimani wa mahakama kwa miaka thelathini. Tulimwita Mama Nukta, kwa sababu ukipitiliza aligonga meza kwa kalamu, mara moja, na sentensi yako ilikufa palepale.

Mimi nilikwenda nikiamini kwamba nitafundisha mimi. Nilivaa hata koti.

Jumamosi ya kwanza alituweka watatu watatu, mmoja daktari, mmoja mgonjwa, na mkalimani katikati, akatunasa sauti kwenye simu yake. Halafu akaifungulia yangu mbele ya darasa zima.

"Daktari kasema, 'Kunywa dawa mara mbili kwa siku baada ya chakula.' Maneno mangapi?"

Kamusi akahesabu kwa vidole. "Tisa, mwalimu."

"Tisa. Na mkalimani wetu kaongea dakika moja na sekunde ishirini. Mzee, hayo mengine umeyatoa wapi?"

"Nilikuwa namweleza umuhimu."

"Umemweleza habari ya binamu yako aliyekunywa dawa bila kula."

"Ni kweli ilitokea."

"Sikatai. Pole kwa binamu. Lakini mgonjwa sasa anadhani binamu ni wa daktari."

Darasa likacheka mpaka muuza magodoro akagonga dari yake kwa ufagio. Nikavua koti.

Jumamosi zilizofuata ndipo nilipojifunza kwamba kumbe kwa miaka yote ile sikuwa mkalimani, nilikuwa mpiga soga mwenye ruhusa ya kuingia hospitali. Mama Nukta alitufundisha kwamba mgonjwa akisema "naumwa," na wewe unasema "naumwa." Husemi "anasema anaumwa." Sauti ni yako, maneno ni yake. Na ikikulazimu kusema jambo lako mwenyewe, labda hukusikia au umekosea, basi unajiita "mkalimani," kama unamzungumzia jirani. "Mkalimani anaomba neno lirudiwe." Mimi ambaye tangu nizaliwe sijamaliza sentensi tatu bila kujitaja! Nilikaa pale nikajaribu, nikahisi kama nimefiwa na mtu wa karibu.

Alitufundisha kuandika kwa alama badala ya maneno: mshale wa kupanda, mshale wa kushuka, duara kwa mtu, mstari kwa hapana. Kamusi aliandika kila kitu kwa ukamilifu, na nukta mkato, akabaki nyuma kila siku kama gari la mkaa. Mimi alama zangu zilikuwa nzuri mno. Tatizo sikuweza kuzisoma. Siku moja nilichora mshale, duara na kitu kama kuku, na mpaka leo hatujui yule kuku alikuwa ugonjwa gani.

Kwa kazi ya nyumbani alituambia tufuate taarifa ya habari redioni, tukiyarudia maneno ya msomaji tukiwa nyuma yake hatua moja. Nilifanya mazoezi jikoni wakati mpwa wangu anamenya viazi.

"Mjomba, waziri anaongea mara mbili humu ndani. Mmoja wenu atoke."

Nikatoka, nikafanya mazoezi barabarani. Watu wakanipisha. Nilijivunia heshima hiyo kwa siku mbili, hadi mama mmoja alipomshika mkono mwanawe akimwambia, "Usimwangalie, atakufuata."

Lakini nilikuwa naimarika. Kufikia Jumamosi ya nane, maneno tisa ya daktari nilikuwa nayarudisha kwa kumi na moja. Mama Nukta hakunisifu, ila kalamu yake ililala mezani, na kwake hizo ndizo sifa.

Mtihani wa mwisho haukuwa darasani. Ulikuwa hospitalini, chumba cha kweli, daktari wa kweli, na mgonjwa wa kweli aliyekubali. Mama Nukta angekaa pembeni na fomu yake.

"Makosa madogo nasamehe," alituambia. "Ila ukibadili maana ya jambo ambalo mgonjwa anatakiwa kuliamua, umefeli, hata mengine yote yakiwa dhahabu."

"Mwalimu," nikasema, "lugha ya bondeni huijui."

"Siijui."

"Sasa utanipimaje?"

"Kwa macho, kwa saa, na kwa kumuuliza mgonjwa, kupitia kwako, ameelewa nini. Yatakayobaki hapo katikati unayajua wewe, mzee."

Nikaona ni bahati iliyoje! Kamusi, ambaye lugha yake mwalimu aliijua vizuri, alinitazama kwa wivu.

Siku ikafika. Mlango namba sita, chumba changu mwenyewe, meza ileile yenye mguu uliofungwa bandeji. Daktari alikuwa kijana mwenye haraka lakini mwenye adabu. Mgonjwa alikuwa mwanamke wa bondeni wa miaka hamsini hivi, fundi cherehani, tepu ya kupimia bado ikining'inia shingoni, maana alitoka kazini moja kwa moja. Kwenye kifundo cha mkono wake wa kulia palikuwa na uvimbe kama punje kubwa ya hindi. Mama Nukta akaketi pembeni ya kabati la mafaili. Nikajitambulisha kwa pande zote mbili kama tulivyofundishwa: nitatafsiri kila kitakachosemwa, sitaongeza, sitapunguza, nitatunza siri. Nilisema vizuri mpaka nikatamani kujipigia makofi.

Tukaanza. Ganzi inaanza lini, inashuka mpaka kidole kipi, usingizi unakujaje. "Naangusha mkasi," akasema. "Naangusha mkasi," nikasema. Safi kabisa. Kwa jicho la pembeni niliona kalamu ya Mama Nukta ikiweka alama za vema, moja baada ya nyingine, nikaliona benchi langu limeshapigwa rangi na jina langu juu yake.

Daktari akaja kwenye jambo lenyewe.

"Uvimbe huu umekaa juu ya mshipa wa fahamu wa gumba, kidole cha shahada na cha kati. Tukiuacha, mwaka haupiti vidole hivyo vitakufa ganzi kabisa. Tukiutoa, watu saba kati ya kumi hupona vizuri. Watatu hawarudishi nguvu ya kushika vitu vidogo. Kuna swali?"

Nikatazama karatasi yangu. Alama zilisomeka zote, hata kuku hakuwepo. Nikamtazama yule mama. Alikuwa amekishika kile kidole cha shahada kwa mkono wa kushoto, amekifunika, kama mtu anayeficha kitu kidogo kisipate baridi.

Nikasema yote ya mwanzo sawasawa. Halafu nikasema, "Tukiutoa, watu wengi hupona vizuri. Wachache huchukua muda mpaka vidole vizoee tena. Kuna swali?"

Urefu uleule. Pumzi ileile. Nilifanya kazi safi kama ya mwizi mzoefu.

"Sina swali," akasema yule mama, uso umetulia. "Wanikate tu."

"Sina swali. Mnikate tu," nikamwambia daktari.

Vema nyingine kwenye fomu.

Ningependa kuwaambia kwamba nilimhurumia. Nilishajiambia hivyo, na nilikuwa naelekea kuamini. Lakini ukweli niliujua: mtu akimwambia fundi kwamba vidole vitatu vinaweza visirudi, fundi atalia, au atabisha, au atauliza maswali arobaini, na muda utapita, na jasho litanitoka, na alama zitaharibika. Nilitaka chumba kitulie mpaka mimi nifaulu. Ndivyo nilivyoishi miaka yote: jambo likikaribia kuwa gumu, mimi niko barabarani. Safari hii niliondoka nikiwa nimekaa kitini.

Muuguzi akaleta fomu ya ridhaa na kalamu. Yule mama akaichukua kwa mkono wa kulia. Ikamponyoka. Akacheka kidogo, akainama, akaiokota kwa mkono wa kushoto, akaanza kutafuta mahali pa kusaini.

"Mkalimani anaomba kusahihisha kosa lake," nikasema.

Daktari akainua kichwa. "Mkalimani gani?"

"Mimi." Kalamu ikagonga kule pembeni, mara moja. "Yaani mkalimani. Mkalimani ametafsiri vibaya sehemu ya mwisho. Anaomba airudie."

"Irudie basi," akasema daktari, akatazama saa.

Nikamgeukia yule mama nikamwambia kwamba mkalimani alikosea, na kwamba maneno ya daktari yalikuwa haya: saba kati ya kumi hupona vizuri, watatu hawarudishi nguvu ya kushika vitu vidogo. Nikanyamaza. Kunyamaza ndilo somo gumu kuliko yote, nawahakikishia.

Aliweka kalamu chini. Akanitazama kwa muda, halafu akamgeukia daktari, akafungua mdomo kama mtu anayefungua bomba. Na mimi, kwa sheria zote za kazi yangu, ilinibidi niseme kila neno, kwa "mimi" yake, kwa sauti inayosikika.

"Daktari, huyu mzee uliyenikalishia hapa ni muongo," nikasema. "Nilimwona tangu mlangoni. Mvi anazo za kutosha wazee wawili, lakini akili bado iko kwenye foleni. Anaongea lugha yetu kama mama mkwe aliyenyimwa chai."

Muuguzi aliziba mdomo. Daktari akamtazama mgonjwa, akauliza, "Unamsema nani?"

"Unamsema nani?" nikamuuliza yule mama.

"Huyo huyo anayeniuliza."

"Huyo huyo anayeniuliza," nikamwambia daktari.

Akaendelea, nami nyuma yake hatua moja, kama redioni. "Mimi nashona mwaka wa ishirini na sita huu. Nikiiharibu nguo ya mtu, namwita namwambia, nguo yako nimeiharibu, njoo uione. Simfungii kwenye mfuko mzuri akaione nyumbani kwake." Hapo akanigeukia mimi, si daktari. "We kaka, ulikuwa unanihurumia mimi au unajihurumia mwenyewe?"

Nikamwambia daktari, "We kaka, ulikuwa unanihurumia mimi au unajihurumia mwenyewe?"

"Mimi?" akasema daktari, ameshtuka.

"Swali ni la mkalimani," nikasema. "Mkalimani anajibu kwamba alikuwa anajihurumia mwenyewe." Nikamwambia na yule mama vivyo hivyo.

Naweza kula kiapo kwamba hiyo ndiyo tafsiri bora niliyowahi kufanya maishani. Hakuna nilichoongeza, hakuna nilichopunguza, hata yule mama mkwe.

Yeye akavuta kiti mbele. Sasa maswali yakaja, na hayakuwa arobaini, yalikuwa matatu. Hao watatu, je, hushindwa kabisa au hushindwa sindano tu? Nguvu ikigoma, itajulikana baada ya muda gani? Na akisubiri wiki tatu, uvimbe utazidisha ubaya?

Daktari aliacha kutazama saa. Akajibu moja moja: wengi wao hushika kikombe lakini si sindano, itajulikana baada ya wiki sita, wiki tatu si kitu.

"Basi nitarudi baada ya wiki tatu," akasema. "Binti wa dada yangu anashona na mimi. Mashine anaijua, ila kola bado inamshinda. Nataka ajue kukata kola kabla hamjanigusa." Akaitoa tepu shingoni, akaikunja, akaitia mkobani, akatoka bila kuniaga.

Tukatoka koridoni. Mama Nukta alijaza fomu akiwa amesimama, ameiegemeza kwenye ukuta.

"Umefeli," akasema.

"Najua."

"Ulibadili maana ya jambo la kuamua. Hiyo ndiyo kanuni."

"Na kusahihisha, mwalimu?"

Akaigeuza fomu mbele na nyuma, akinionyesha. "Kisanduku cha kusahihisha hakimo humu. Nitawaandikia wakiweke. Lakini leo hakimo." Kisha akaitia kwenye bahasha. "Usingesema, nisingejua."

"Hilo pia najua."

"Kozi nyingine inaanza Jumamosi ijayo. Uje bila koti, chumba kina joto."

Kamusi alifaulu. Alichukua saa moja na robo kutafsiri habari ya jino, lakini jino lilitafsirika lote.

Jioni hiyo mpwa wangu aliniuliza matokeo nikamwambia. Akaenda chumbani, akarudi na kipande cha sabuni kipya, akakiweka mezani mbele yangu.

"Ili usiwe na sababu ya kwenda dukani," akasema.

Benchi nikalipoteza mwezi wa saba, kama tangazo lilivyosema. Wakija watu wa bondeni, daktari anapiga simu, na mkalimani wa mji mwingine anasikika kwenye spika. Kijana, ana cheti, hajawahi kukutana na binamu yangu. Mimi nikarudi juu ya duka la magodoro kuanza upya kuhesabiwa maneno na watoto.

Yule fundi alipasuliwa siku aliyoitaja. Nilikwenda kumwona saa za kutembelea wagonjwa, nimechukua machungwa, nimesimama mlangoni mwa wodi kama mtu aliyekuja kuomba msamaha kwa barua na barua yenyewe kaisahau. Mkono wake ulikuwa umefungwa hadi kiwiko.

"Mama mkwe kaja," akasema. "Kaa."

Nikakaa. Nikamuuliza yule wa kwenye simu alitafsiri vipi.

"Anaongea kama anasoma bei za mbao. Lakini alisema yote. Hata ambayo sikutaka kuyasikia mara ya pili." Akanitazama. "Cheti?"

"Bado. Nimefika Jumamosi ya tatu."

"Uzee wote huo na Jumamosi ya tatu!" Akajisogeza kwenye mto. Akawa anaiangalia ile bandeji, pale vidole vinapochungulia. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Leo huna kazi hapa. Hakuna daktari, hakuna mwalimu. Wewe ni mgeni tu, na wageni husema maneno mazuri. Niambie, vitarudi?"

Maneno mazuri ninayo ya lugha sita na nusu. Yalipanda yote kooni kwa pamoja, yakisukumana.

"Sijui, dada," nikasema.

Akasonya. "Huyo mwalimu wako amekuharibu kabisa."

"Wiki sita bado. Nitakuja kila Jumatano."

"Uje kufanya nini, kama hujui kitu?"

"Nikae."

Akalitupia macho lile furushi la machungwa, akanyoosha mkono wake wa kushoto. Hakuweza kumenya kwa mkono mmoja, na mimi sikuwa na kisu, kwa hiyo nikamenya kwa kucha, taratibu, maji ya chungwa yakinichuruzika mpaka kwenye mkono wa shati, na yeye akinigombeza kwa lugha yao kwamba namenya kama mtu anayempekua mfukoni maiti.

Sikumtafsiria mtu yeyote. Nilikuwa nasikiliza tu.